Maskini wa Uingereza hawakufungiwa wote kwenye nyumba za kazi

Wengi huamini kwamba maskini wa vijijini Uingereza ya zamani walikuwa na njia mbili tu: kuombaomba, au kuingia nyumba za kazi, ambako familia zilitenganishwa na watu kufanyishwa kazi ili wapate chakula. Nyumba hizo zilikuwepo, na ukali wake haukutiwa chumvi. Lakini waliosaidiwa wakiwa kwao walikuwa wengi zaidi.

Sheria ya 1601 iliipa kila parokia, yaani eneo dogo la kanisa lililotumika pia kama serikali ya mtaa, jukumu la kutunza maskini wake. Kila mwaka wakazi wachache waliteuliwa kuwa waangalizi wa maskini, kwa kawaida bila mshahara. Walitoza kodi waliokalia ardhi na nyumba, kisha wakagawa fedha hizo. Madaftari yao mengi yangalipo, na yanagusa moyo: posho ya mjane ya kila wiki, viatu vya mtoto, kuni, pango la nyumba, ujira wa mkunga, jeneza.

Haikuwa huruma tupu. Sheria ya 1662 iliruhusu mgeni aliyehofiwa kuwa mzigo arudishwe parokia yake. Mjamzito asiye na mume alifukuzwa haraka, kwa kuwa mtoto wake angehesabiwa wa pale alipozaliwa. Tangu 1697 aliyepokea msaada alitakiwa kuvaa begani herufi P (ya neno la Kiingereza la maskini) ya kitambaa chekundu au cha buluu, aibu ambayo kwangu haina utetezi.

Sheria ya 1834 ndiyo iliyokusudia kuwaelekeza maskini wenye nguvu za kufanya kazi kwenye nyumba za kazi. Hata baada yake, wengi waliosaidiwa, hasa wazee na wajane, waliendelea kupokea msaada majumbani.