Ana valvu mbovu, atumie njia gani ya uzazi wa mpango?

Wiki kadhaa zilizopita, hapa Kigoma, mama mmoja wa Ujiji alikuja kliniki ya moyo na mama mkwe wake. Valvu yake ya kushoto, yaani mlango wa kupitisha damu ndani ya moyo, imesinyaa kwa sababu ya homa ya rumatiki ya utotoni. Kabla sijafungua faili, mama mkwe akauliza: "Daktari, hicho kijiti cha kuzuia mimba si kitamwendea moyoni?"

Nikamwambia, "Mama, kikiwekwa sawasawa hukaa papa hapa chini ya ngozi ya mkono. Ukipapasa unakigusa."

Cha kuogopwa hasa ni mimba. Damu ya mjamzito huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, na mapigo huenda mbio. Tundu lililosinyaa halipitishi mzigo huo, ndipo maji hujaa mapafuni. Wanaletwa usiku wameketi wima, wakilala tu pumzi inakata.

Ila si kila njia inamfaa. Vidonge vya majira vya kawaida vina homoni ya estrojeni, nayo huchochea damu kuganda. Mwenye moyo uliopanuka, mapigo yasiyo na mpangilio au valvu ya chuma tayari anaishi jirani na bonge la damu. Likikimbilia ubongoni ni kiharusi. Huyo simwandikii, hata kama anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Kijiti kina homoni ya projestini peke yake, hudumu miaka 3 au 5 kutegemea aina. Kero yake ni hedhi isiyo na ratiba. Nauliza pia kuhusu dawa za TB, maana rifampisini hukipunguzia nguvu. Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa, lakini huzidisha damu ya hedhi, na kwa wa warfarini hilo si dogo. Mwenye shinikizo kubwa la damu mapafuni awekewe hospitalini tu, kwa kuwa mapigo yanaweza kushuka ghafla wakati wa kuweka. Vasektomi, yaani mwanaume kufunga uzazi, nayo ipo. Nikiitaja, chumba kizima huangalia sakafu.

"Basi awekewe kijiti," mama mkwe akasema, "lakini mumewe aje asikie mwenyewe."

Alikuja Alhamisi, moja kwa moja kutoka mwaloni Kibirizi. Aliuliza kitu kimoja: kikitolewa, mimba itashika tena? Itashika, nikamjibu, wala haichelewi. Ndiyo maana kabla ya kukitoa mtakuja kwangu kwanza, tupime moyo kwa eko, kipimo cha mawimbi ya sauti.