Kabla ya Kuuliza "BTU Ngapi?": Namna ya Kuchagua Kiyoyozi cha Spliti kwa Nyumba Yako

"Ninunue ya BTU ngapi?" Katika kazi yangu ya kuwashauri watu juu ya matumizi ya nishati majumbani, hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kama hilo. BTU ni kipimo cha joto, na kwenye kiyoyozi huonyesha joto ambalo mashine inaweza kuliondoa chumbani kwa saa moja. Na mara nyingi anayeuliza ameshajijibu moyoni: anataka inayozidi kidogo ile aliyotajiwa, ili chumba kipoe upesi na mashine isielemewe. Ninaielewa hofu hiyo. Kiyoyozi ni kitu cha gharama na hakuna anayetaka kununua mara mbili. Hata hivyo, katika nyumba ninazoitwa kukagua kwa sababu ya malalamiko, mashine iliyozidi chumba naikuta mara nyingi kuliko iliyopungua. Bili ya umeme iko juu, chumba ni baridi lakini kina unyevunyevu, kuta zinaota ukungu, na mwenye nyumba haelewi, maana alilipia iliyo kubwa.

Ndiyo maana naomba tuanze mbali kidogo na duka.

Kinachofanyika ndani ya mashine

Spliti ni mashine mbili: ya ndani, inayofungwa ukutani, na ya nje, yenye kompresa (pampu inayogandamiza gesi) na feni kubwa. Huunganishwa kwa mabomba mawili membamba ya shaba, waya za umeme na bomba la kutolea maji, vyote vikipita katika tundu moja la ukuta lenye upana wa sentimita 7 hivi. Ndani ya shaba huzunguka gesi maalumu. Gesi hiyo hufyonza joto la chumba inapogeuka kutoka kimiminika kuwa mvuke kwenye koili (bomba lililokunjwa-kunjwa) ya ndani, kisha hulitua nje inapogandamizwa na kurudi kuwa kimiminika. Kwa hiyo kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinahamisha joto, kama baharia anayefua maji chomboni na kuyamwaga baharini.

Kuhamisha joto hula umeme kidogo kuliko kulitengeneza. Hita ya kawaida ya umeme ikila kilowati 1 hutoa joto la kilowati 1, basi. Spliti nzuri ikila kilowati 1 huhamisha joto la kilowati 3 hadi 4 katika hali ya hewa ya wastani. Na kwa kuwa nyingi zina vali ya kugeuza mzunguko, msimu wa joto hutoa joto nje, na msimu wa baridi hulichota huko nje na kulileta ndani. Lakini zipo za kupoza tu, na kwa kuzitazama huwezi kuzitofautisha na zile za kazi zote mbili. Soma lebo kabla ya kulipa.

Mifumo mikubwa ya nyumba nzima husambaza hewa kwa mifereji ya bati inayopita darini. Wizara ya Nishati ya Marekani inaeleza kuwa upotevu katika mifereji hiyo unaweza kuzidi asilimia 30 ya nishati inayotumika kupoza au kupasha joto nyumba, hasa mifereji inapopita mahali pasipopozwa. Spliti haina mifereji, kwa hiyo hasara hiyo haipo. Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba kila chumba kinajitegemea. Mashine ya sebuleni haitapoza chumba cha kulala ambacho mlango wake umefungwa, hata iwe kubwa namna gani. Nyumba yenye vyumba vingi vidogo inataka hesabu ya makini, na wakati mwingine jibu la kweli ni kupoza vyumba viwili mnavyolala na kuviacha vingine.

Ziba tundu kabla ya kutafuta ndoo kubwa

Chombo kikivuja, baharia mwenye akili huziba tundu kwanza. Nyumbani, tundu ni jua, paa na nyufa.

Chukua vyumba viwili, kila kimoja mita za mraba 20. Cha kwanza kiko ghorofa ya chini, juu yake wanakaa watu wengine, dirisha lake lina kivuli cha mti. Cha pili kiko chini ya paa la bati lisilo na dari ya maana, na dirisha lake linatazama jua la jioni. Muuzaji anayepima kwa ukubwa wa sakafu peke yake atawapa wenye vyumba hivyo mashine za ukubwa uleule, ingawa cha pili huenda kikahitaji hata mara mbili ya cha kwanza.

Tazama dirisha peke yake. Mita moja ya mraba ya kioo cha kawaida kisicho na kivuli, ikipigwa na jua la jioni, inaweza kuingiza joto la wati 500 na zaidi. Mtu mzima aliyeketi kimya hutoa wati 100 hivi. Maana yake ni kwamba kila mita ya kioo hicho ni kama watu watano wameongezeka chumbani. Dirisha la mita 2 za mraba linaleta kilowati nzima, yaani BTU 3,400 kwa saa, zaidi ya theluthi ya uwezo wa mashine ya BTU 9,000. Kivuli cha nje, kiwe mti, kibaraza au chandarua cha kuzuia jua, huzuia sehemu kubwa ya joto hilo kabla halijaingia. Pazia la ndani husaidia kidogo tu, kwa sababu jua likishapita kioo limeshaingia nyumbani.

Baada ya dirisha, tazama juu. Dari yenye tabaka la kuzuia joto hupunguza mzigo mchana na usiku, na haili umeme wala haihitaji fundi kila mwaka. Ningeombwa kuchagua kati ya dari nzuri na mashine kubwa zaidi, ningetengeneza dari.

Hayo yakishafanyika, ndipo hesabu ya BTU inakuwa na maana. BTU 12,000 kwa saa, ambazo mafundi huziita "tani moja", ni sawa na kilowati 3.5 za kupoza. Mashine za nyumbani huuzwa kwa ngazi za 9,000, 12,000, 18,000 na 24,000. Mtu anayekupimia vizuri atauliza urefu wa dari, upande madirisha yanakotazama, aina ya paa, idadi ya wanaolala humo, na kama kuna jiko au kompyuta zinazowaka kutwa. Akitazama mlangoni tu na kusema "hapa weka kumi na nane", mshukuru kisha tafuta mwingine.

Kwa nini kubwa mno inaharibu

Hewa ya chumba ina joto na ina maji. Ili maji yatoke, hewa yenye unyevu lazima ipite juu ya koili baridi kwa muda wa kutosha, matone yajikusanye, yatelemke, ndipo yatoke kwa bomba. Mashine iliyozidi hushusha joto ndani ya dakika chache, kisha kompresa huzima. Matone yaliyobaki kwenye koili hupulizwa na feni na kurudishwa chumbani. Muda si muda chumba kinapata joto tena, kompresa inawaka, mchezo ni uleule. Unapata chumba chenye baridi ya ghalani, ngozi inanata, shuka zina ubichi. Mwenye nyumba hushusha rimoti hadi nyuzi 18 akitafuta nafuu, kumbe kinachomsumbua ni maji.

Mashine za inverta zimepunguza tatizo hili kwa sababu kompresa yake hupunguza mwendo badala ya kuzima. Zinastahili sifa zake, na kwa chumba kinachotumika saa nyingi kila siku sioni sababu ya kununua isiyo ya inverta. Lakini hata inverta ina kiwango cha chini ambacho haiwezi kushuka zaidi. Lebo au kijitabu huonyesha nambari tatu: uwezo wa chini, wa kawaida na wa juu, kwa mfano kilowati 0.9, 3.5 na 4.0. Wengi husoma ya katikati tu. Mimi huanza na ya kwanza, kwa sababu usiku, jua likishazama, ndiyo inayoamua kama mashine itatembea polepole hadi asubuhi au itakuwa inawaka na kuzima.

Hapohapo kuna mtego wa mashine moja ya nje inayolisha vyumba vitatu au vinne. Inaokoa nafasi ukutani, ni kweli. Ila chumba kimoja tu kikiwashwa, kompresa ile kubwa inaweza kushindwa kupunguza mwendo vya kutosha, na ikiharibika, nyumba nzima inakosa huduma siku hiyohiyo. Nafasi ikiruhusu, napendelea kila chumba kiwe na jozi yake.

Kuhusu ufanisi, tafuta nambari ya msimu, yaani uwiano wa kazi inayofanywa na umeme unaoliwa kwa msimu mzima, inayoitwa SEER kwa kupoza, na SCOP au HSPF kwa kupasha joto. Ikiwa kubwa zaidi ndivyo umeme unavyotumika kidogo zaidi. Usilinganishe lebo za nchi tofauti moja kwa moja: SEER ya Marekani hupimwa kwa BTU kwa kila wati-saa, ya Ulaya kwa wati-saa kwa wati-saa, kwa hiyo 20 ya kwanza ni karibu na 6 ya pili. Tangu 2023 Marekani inatumia vipimo vipya, SEER2 na HSPF2, navyo havilingani na vya zamani.

Anayenunua kwa ajili ya baridi kali aulize swali moja zaidi: mashine hii inatoa joto kiasi gani katika siku ya baridi kuliko zote ninakoishi? Uwezo unaoandikwa kwenye sanduku kwa kawaida hupimwa nje kukiwa na nyuzi 7 hivi juu ya sifuri, na hushuka kadiri baridi inavyozidi. Zipo zilizoundwa kufanya kazi hata kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, lakini lazima uzitafute kwa makusudi. Mashine ya nje ikiota barafu, itaacha kupasha chumba joto kwa dakika chache ili iiyeyushe. Hiyo si hitilafu. Na kwa kuwa hewa ya moto hupanda juu, mashine ya ndani inayokaa karibu na sakafu hupasha miguu vizuri kuliko ile iliyo juu ya ukuta.

Gesi haiishi

Hapa nitasema kwa mkazo, kwa sababu watu wengi wanapoteza fedha bila kujua. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Inazunguka katika mabomba yaliyofungwa, na ikipungua, mahali fulani panavuja. Fundi anayekuja kila mwaka "kuongeza gesi" bila kutafuta panapovuja anakuuzia kitu kilekile mara kwa mara, huku gesi iliyotoka ikienda angani.

Na huko angani inadhuru. Mkataba wa Montreal wa 1987 ulianza safari ya kuziondoa gesi zinazotoboa tabaka la ozoni, ikiwemo R-22 ya viyoyozi vya zamani. Zilizofuata haziharibu ozoni, lakini baadhi zinapasha dunia joto mno: kilo moja ya R-410A ni sawa na kilo 2,088 za kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 100. R-32 ni 675. Propani, yaani R-290, iko chini ya 5. Ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali mwaka 2016 na kukubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua. Unaponunua leo, epuka R-22, na ukipata nafasi chagua R-32 au R-290. Jua tu kwamba R-32 inaweza kuwaka kwa kiasi, na propani inawaka hasa, kwa hiyo fundi awe amefunzwa gesi hiyo, na kamwe asijaze aina nyingine tofauti na iliyoandikwa kwenye mashine.

Siku ya kufunga

Mashine bora ikifungwa vibaya inakuwa mashine mbaya. Mashine ya nje isifungiwe katika kizimba ambako itavuta hewa moto iliyoitoa yenyewe, na isining'inizwe mahali ambapo fundi hawezi kuifikia salama. Ya ndani isipulize kitandani moja kwa moja. Bomba la maji literemke angalau sentimita 1 kwa kila mita. Umeme uwe na laini yake na breka yake, wenye waya wa ardhini, na mahali umeme unapopanda na kushuka weka kifaa cha kulinda, kwa sababu bodi ya inverta haivumilii.

Kisha simama utazame mabomba yanavyoandaliwa. Wapo wanaofungua gesi kidogo ili isukume hewa nje, wakasema kazi imekwisha. Hewa inayobaki ina unyevu, na unyevu ukikutana na mafuta ya kompresa huzaa asidi inayoila kompresa taratibu. Njia sahihi ni kujaribu mabomba kwa naitrojeni ili kuona kama yanavuja, kisha kunyonya hewa kwa pampu hadi geji ishuke chini ya maikroni 500 (maikroni ni kipimo cha shinikizo la hewa), kutoka maikroni 760,000 za hewa ya kawaida, na kusubiri kuona kama itabaki pale. Inachukua muda. Mpe kiti na maji ya kunywa, usimharakishe. Bomba likizidi urefu uliokadiriwa kiwandani, gesi inayoongezwa ipimwe kwa mizani, si kwa kukisia.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: spliti ya kawaida haileti hewa kutoka nje. Inazungusha ileile ya chumbani. Fungua madirisha kwa muda kila siku, na usiwashe kamwe mkaa au jenereta katika nyumba iliyofungwa ukidhani kiyoyozi kitatoa moshi. Kichujio kioshwe kila baada ya wiki mbili hadi mwezi.

Kazi ikikamilika, iache mashine ipoze kwa dakika 20, pima hewa inayoingia juu na inayotoka chini. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni ya kawaida, na hewa ikiwa na unyevu, nje utaona maji yakidondoka. Mwombe fundi aandike tarehe, aina ya gesi, gramu alizoongeza na kiwango geji ilipofikia, kisha bandika karatasi hiyo ndani ya mlango wa sanduku la breka. Atakayekuja kuitengeneza baada ya miaka sita ataanza kazi kwa kuisoma.