Broka wa muuzaji si broka wako

Mimi ni broka hapa Kampala na leo naongea na nyinyi mnaotafuta nyumba. Yule jamaa anayekuzungusha Kyanja na Najjera na boda, anakuita bosi kila dakika, si mtu wako. Kamisheni yake inatoka kwa muuzaji na mara nyingi ni asilimia ya bei, sasa ukimwambia akusaidie kupunguza unamwambia apunguze chakula chake mwenyewe. Simlaumu, hata mimi nikipewa nyumba na muuzaji nafanya hivyo hivyo. Lakini upande wako wewe kuna nani?

Bei nayo ni kitu kidogo tu, watu wanaumia kwa ardhi yenyewe. Huku Buganda tuna mailo, aina ya umiliki wa ardhi iliyokuja na mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza, na kwenye mailo ploti moja inaweza kuwa na mwenye hati na pia mwenye kibanja (haki ya kukaa na kulima kwenye ardhi ya mwenye hati) anayelindwa na sheria ya ardhi ya 1998, kwa hiyo unanunua hati safi kabisa halafu unakuta kuna mzee na migomba yake na huwezi kumtoa hivi hivi. Au unauziwa kibanja, unapewa karatasi yenye mhuri wa LC1, yaani serikali ya kijiji, unafikiri mambo yameisha, kumbe mwenye ardhi hakuwahi kuulizwa, na sheria inataka aulizwe kwanza, bila hivyo mauzo hayana nguvu. Broka wa muuzaji anajua haya yote. Usipouliza hasemi.

Broka wako, yaani yule unayemtafuta na kumlipa wewe mwenyewe, anaanza na serchi, kukagua rekodi ofisi ya ardhi, kabla hujatoa hata shilingi ya kushika nyumba, anaangalia hati iko kwa jina la nani, kama benki imeishika, kama kuna kaveati, yaani zuio la mtu anayedai haki kwenye hiyo ardhi. Halafu anakuletea surveya apime upya mipaka, maana ile futi 50 kwa 100 ya mdomoni wakati mwingine imeshaliwa na barabara au fensi ya jirani. Anaongea na majirani bila muuzaji kuwepo (hapo ndio utajua maji ya mvua yanapita wapi, na kama hapo ni ardhi ya kinamasi ambapo NEMA, mamlaka ya mazingira, inaweza kuja kubomoa nyumba). Kama familia inaishi kwenye hiyo nyumba, mke au mume wa muuzaji lazima akubali kwa maandishi, na hapa wengi wanateleza sana jamani.

Loya bado unamhitaji, broka hachukui nafasi yake. Na kwenye bajeti weka ile stamp duty, ushuru wa serikali wa 1.5% wa kuhamisha hati, maana wengi wanaisahau.

Malipo ya broka wako mkubaliane mapema, kiasi kimoja kisichopanda bei ikipanda, muandike na msaini. Kisha muulize uso kwa uso: kwa huyu muuzaji unapata kitu? Akianza kuzunguka, tafuta mwingine.