Alama ya AP Inavyogeuka Krediti ya Chuo

Julai ikifika na matokeo ya AP (Advanced Placement, masomo ya kiwango cha chuo yanayosomwa sekondari, kila moja na mtihani wake) yakatoka, familia nyingi huko Marekani huamini kwamba kozi ya chuo imeshakwisha. Bado. College Board, inayosimamia mitihani hiyo, hutoa alama tu, kuanzia 1 hadi 5. Krediti, yaani vipimo vya masomo vinavyohesabiwa kuelekea shahada, hutolewa na chuo anachokwenda mwanafunzi, na kila chuo kina jedwali lake. Illinois ina sheria inayovitaka vyuo vikuu vya umma kutoa krediti kwa alama 3 na kuendelea, ilhali Caltech, chuo kikuu binafsi cha California, haitoi krediti za AP kabisa, hata kwa mwenye 5.

Kwa hiyo jedwali hilo lisomwe kabla ya kulipia mtihani. Huwa kwenye tovuti ya msajili wa chuo: jina la mtihani, alama ya chini inayokubalika, idadi ya krediti, na mwishoni kozi ambayo alama hiyo inasimama badala yake. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Ikiwa imeandikwa namba ya kozi, tuseme BIO 101, kozi hiyo mwanafunzi hatairudia. Ikiwa imeandikwa krediti za hiari tu, zitaingia kwenye zile krediti 120 hivi za shahada ya kwanza, lakini kozi ya lazima iko palepale. Wapo wanaoingia chuo na krediti 20 za namna hiyo na wasipunguze hata muhula mmoja. Anayelenga udaktari awe mwangalifu zaidi, kwa sababu baadhi ya vyuo vya tiba vinataka bailojia na kemia za maabara zilizosomwa chuoni hasa, si za AP.

Mitihani hufanyika Mei, mara moja kwa mwaka, lakini usajili wa kawaida hufungwa katikati ya Novemba, na anayechelewa hutozwa faini. Wazazi wageni hukosea sana hapa, wakidhani kusoma darasa la AP ndiko kujisajili. Sivyo, darasa ni jambo moja, mtihani ni jingine. Kadhalika mwanafunzi ambaye shule yake haina somo fulani anaruhusiwa kulisoma mwenyewe na kufanyia mtihani shule nyingine, mradi amwone mratibu wa AP wa shule hiyo mapema, Septemba hivi. Familia yenye kipato kidogo imuulize mratibu huyohuyo kuhusu punguzo la ada.

Chumba cha mtihani kina mitego yake. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo swali la kuchagua lisiachwe tupu. Kwenye Calculus, tawi la hisabati, sehemu ya maswali ya kujieleza huanza na maswali mawili ya kikokotoo kwa dakika 30. Kisha vikokotoo huwekwa kando, na maswali manne hufanywa kwa dakika 60. Kila swali lina pointi 9, na pointi hizo zimegawanywa kwa hatua. Mwanafunzi anayebonyeza kikokotoo na kuandika jibu tupu hupoteza pointi za mpangilio. Aandike kwanza integrali yenyewe na mipaka yake, ndipo aweke jibu kwa usahihi wa desimali tatu. Anayekadiria mapema, katikati ya hesabu, hufika mwisho na desimali ya tatu iliyokosewa, ingawa njia ilikuwa sahihi.

Baada ya mtihani, alama hazijipeleki. Chuo kimoja hutumiwa bure, ikiwa kimechaguliwa kabla ya Juni 20. Baada ya hapo kila chuo hulipiwa. Nakala ya matokeo ya sekondari inayotaja alama ya AP haitoshi, chuo hutaka taarifa rasmi kutoka College Board. Mwezi Agosti, kabla ya kuchagua kozi, mwanafunzi afungue rekodi yake chuoni na kuhakikisha krediti zimeingia chini ya namba sahihi za kozi.

Kwa mtu mzima anayerudi chuoni, CLEP, mitihani mingine ya College Board ya kupata krediti za chuo bila kusoma kozi, ni njia nyepesi zaidi. Haisubiri Mei, mitihani yake mingi huchukua dakika 90 hivi, alama huanzia 20 hadi 80, na vyuo vingi hukubali 50. Akifeli, atasubiri miezi mitatu kabla ya kurudia mtihani uleule. Vyuo vya jamii (community colleges) huipokea sana, ila jedwali lisomwe vilevile.

Kiswahili hakimo kwenye AP wala CLEP. Lakini ACTFL, shirika la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni, lina mtihani wa mazungumzo unaotolewa kwa Kiswahili, na vyuo kadhaa huutumia kutoa krediti au kufuta sharti la lugha ya kigeni. Kijana aliyelelewa kwa Kiswahili amwulize mshauri wake wa masomo kuhusu mtihani huo kabla hajajiandikisha Kihispania cha kuanzia, akiwa na lugha kamili mdomoni.