Daktari wa mifugo hasomei sindano tu

Wengi huamini kuwa chuo cha udaktari wa mifugo kipo ili kufundisha kutibu mnyama mgonjwa, basi. Sivyo. Chuo cha kwanza cha aina hiyo kilianzishwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, wakati ugonjwa wa sotoka ukiteketeza ng'ombe. Haja kubwa ilikuwa kuokoa makundi mazima. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, kwa chanjo na ufuatiliaji.

Ndiyo maana naumia nikiona mtaala unaogusia tu kinga, usalama wa nyama na maziwa, au namna ya kumsikiliza mfugaji. Mihadhara nayo ina kikomo: anayepima mimba ya ng'ombe kwa mkono, glovu ikimfika begani, hutegemea vidole vilivyozoea kwa kurudia.