Panya wa maabara na virusi: maswali ambayo watu wanauliza sana

Eti panya wa GMO wanatengenezwa na HIV, ni ukweli?

Nusu. Kuna kirusi cha kubebea jeni kinaitwa lentivekta, na ndio, mara nyingi kimetokana na HIV. Lakini kimetolewa karibu jeni zake zote na hata koti lake la nje ni la kirusi kingine cha ng'ombe na farasi, kwa hivyo kikiingia kwa seli kinaacha mzigo na safari inaishia hapo, hakizaani. Na by the way hata HIV kamili haizaani kwa panya wa kawaida.

Sasa wanaiingizaje hiyo jeni kwa panya?

Hapa ndio kuna utamu. Yai la panya likisharutubishwa liko ndani ya ganda laini, sasa unachukua sindano ya glasi nyembamba kushinda unywele, unapitisha kwa ganda na unaacha tone lenye vekta kwa ile kanafasi kati ya ganda na yai, yai lenyewe hulitoboi, vekta zinajipeleka zenyewe. Yai linawekwa kwa panya jike na baada ya siku 20 hivi anazaa. Mwaka wa 2002 maabara ya mwanasayansi David Baltimore kule California ilifanya hivi na jeni ya kung'aa ya konyeza wa baharini (jellyfish), ukiwamulika hao panya na taa ya buluu wanang'aa kijani, na watoto wao wakairithi.

Jeni inakaa wapi?

Popote inapoangukia, na mimi hiyo ndio inanisumbua. Ufaransa watoto waliozaliwa bila kinga walitibiwa na vekta ya kirusi kingine cha ukoo wa HIV, si lentivekta yenyewe, wengine wakapata leukemia (saratani ya damu) juu jeni iliangukia karibu na nyingine inayosukuma seli zikue.

Na wale panya wa korona?

Hao ni tofauti. 2020 korona ilikuwa haishiki panya wa kawaida vizuri, so watafiti wakawapulizia kwa mapafu kirusi kingine, AAV, kimebeba jeni ya ACE2, ule mlango korona inatumia kuingia kwa seli za binadamu. Mapafu tu ndio yanabadilika, watoto hawarithi.

Wakitoroka huku Nairobi je?

Yale mapanya makubwa ya Gikomba ni jamii nyingine, hawawezi kuzaana nao. Lakini sheria ya 2009 ya usalama wa viumbe iko, na ukitaka kufuga panya wa hivi lazima kwanza uombe ruhusa kwa National Biosafety Authority.