Kuchochea moto hakuharakishi maharage

Hapa Mbeya wengi tumelelewa tukiamini kwamba maharage yakichelewa kuiva, dawa ni kuongeza mkaa na kupepea mpaka sufuria itokote kwa fujo. Nami nilipepea hivyo miaka mingi. Kumbe maji yakishachemka, joto lake halipandi tena. Ukizidisha moto unapata mvuke mwingi zaidi tu, na mkaa unateketea bure.

Tena huku kwetu tuko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wakati Dar es Salaam huchemka kwenye 100. Ndiyo maana ndugu wa Pwani akija kututembelea hushangaa makande yetu yanavyochukua muda. Mahindi na maharage hayana kosa.

Kinachosaidia ni sufuria ya presha. Mfuniko wake unabana mvuke, shinikizo linapanda, na joto linavuka nyuzi 110. Ukinunua, kagua mpira wa mfuniko: uwe laini, usiwe na ufa hata mdogo. Maharage yasizidi nusu ya sufuria, maana povu lake huziba tundu la mvuke, na hilo ni hatari kweli.

Huna ya presha? Loweka maharage usiku kucha, funika vizuri, kisha yakichemka punguza moto yatokote polepole. Yataiva kwa muda uleule kama ungechochea moto mkali, kwa mkaa mchache.